Siku Mia na Kumi za Sifuri

Kila siku, saa kumi na mbili jioni, simu ya mama ilipiga kengele mara mbili. Kengele ya kwanza ilikuwa ya Rispah. Ya pili, iliyofuata baada ya dakika moja, ilikuwa ya Tsofa.

Saa hiyo mama alikuwa bado ameketi mkekani nje ya nyumba yao kule Mwabungo, akishona makuti ya kuezekea. Alikunja jani la mnazi juu ya ufito, akalishona kwa kamba, akachukua jingine. Baba, jina lake Garama, alikuwa njiani akirudi kutoka Diani, alikofanya kazi ya udobi katika hoteli moja. Rispah, binti wa miaka kumi na miwili, aliweka kitabu chake chini, akaichukua simu dirishani, akafungua programu na kujaza. Kisha akairudisha simu mahali pake.

Programu hiyo ilikuwa daftari la afya. Sista Hanifa, muuguzi wa kliniki ya watoto upande wa Msambweni, ndiye aliyeiweka katika simu ya mama mwaka uliotangulia. Rispah na kaka yake Tsofa walizaliwa wote wawili na selimundu. Huu ni ugonjwa wa kurithi, hauambukizi. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali mifupani. Sista Hanifa aliwaeleza kwamba yeye huwaona mara nne tu kwa mwaka. Siku nyingine zote wanaojua hali zao ni wao wenyewe, na mtu husahau. Ndiyo maana programu iliwauliza kila jioni: Umekunywa dawa yako leo? Umekunywa glasi ngapi za maji? Una homa? Maumivu yako ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi? Chini ya maswali palikuwa na nafasi ya kuandika maneno machache.

Tsofa, aliyemzidi Rispah miaka miwili, aliipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Aliandika hata mambo madogo: goti la kushoto limeuma baada ya mpira, nimekunywa maji kidogo kwa sababu bomba la shule halikutoka. Alimfundisha mdogo wake asikisie. Walipokuwa na chupa moja ya maji kati yao wawili, Tsofa aliitia alama kwa kalamu ili kila mmoja ajue amekunywa kiasi gani.

Mwezi wa Januari, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, Tsofa alishikwa na homa. Alipelekwa hospitalini siku ile ile. Madaktari walifanya walivyoweza. Siku ya tatu akafariki. Walimzika kwa babu yao, kule bara upande wa Kinango, na matanga yalipokwisha wakarudi Mwabungo watu watatu.

Majirani walikuja kutoa pole. Hawakujua tena wamwite mama nani, kwa maana tangu alipojifungua mara ya kwanza alikuwa Mama Tsofa. Wengine waliendelea kumwita hivyo. Wengine waliliacha jina katikati, wakamalizia na Mama Rispah. Mama aliwaitikia wote kwa sauti ile ile.

Rispah hakulia mazishini, wala baadaye. Alingoja kilio kama mtu anayengoja kupiga chafya, kikakataa kuja. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unajua ni mguu wako, unaugusa, lakini hausikii. Alikwenda shule, akarudi, akala alichopewa. Alipoulizwa yu hali gani alijibu kwamba ni mzima.

Jioni ya kwanza baada ya kurudi kutoka matangani, simu iliyokuwa imezimwa iliwashwa tena, na kengele ikalia saa kumi na mbili. Rispah akajaza ya kwake. Kisha ikalia ya pili, na kwenye kioo pakatokea maneno yale yale ya siku zote: Tsofa, umekunywa dawa yako leo?

Mkono wa mama ulisimama juu ya ufito. Hakuinua macho. Baba, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, aliinuka akaenda nyuma ya nyumba kama aliyeitwa na mtu. Kengele ikanyamaza, na baada ya dakika kumi ikalia tena, maana ndivyo ilivyotengenezwa: haikukoma mpaka mtu aijibu. Rispah hakujua namna ya kuiondoa. Basi akajibu. Ndiyo. Glasi nane. Hapana. Sifuri. Programu ikaandika kwa rangi ya kijani: Hongera, Tsofa! Kengele ikakoma, na mkono wa mama ukaendelea kushona.

Siku ya pili alifanya hivyo hivyo, na siku ya tatu. Hakuna aliyemwambia afanye, na hakuna aliyemkataza.

Siku moja mwezi wa Februari, Rispah alikumbuka akiwa kitandani kwamba hakuwa amekunywa dawa yake. Hata hivyo kwenye simu alikuwa ameshaandika ndiyo. Vidole vyake vilikuwa vimejibu jina lake kama vilivyojibu jina la Tsofa. Asubuhi aliamka, akaenda shule, na hakuna lililotokea. Siku iliyofuata hakuinywa tena. Tangu hapo, kila jioni aliitoa kapsuli moja katika kopo lake, akaenda kuitupa chooni, ili kopo lipungue kama inavyotakiwa na baba achukue dawa nyingine mwezi ukiisha. Hakukusudia kujidhuru. Hakukusudia jambo lolote. Kunywa na kutokunywa kulikuwa sawa kwake, na kutokunywa kulikuwa karibu zaidi.

Zamani mama alikuwa akimwuliza, "Umekunywa dawa?" Pole pole, bila mtu kutambua, swali hilo lilibadilika likawa, "Umejaza simu?" Rispah alijibu kwamba amejaza, na hilo lilikuwa kweli.

Mwezi wa Machi nyonga zilianza kumuuma, kisha miundi. Mwanzoni maumivu yalikuja na kuondoka. Jioni moja alikiweka kidole chake juu ya tano. Lakini alijua kwamba ukichagua namba kubwa, programu hufungua ukurasa mwingine na kuuliza: Wapi? Tangu lini? Umemwambia nani? Akakirudisha kidole kwenye sifuri. Hongera, Rispah! ikaandika. Siku sitini bila kukosa.

Mwezi wa Aprili ilikuwapo siku ya kwenda kliniki. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua mahali fulani na baba hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo walipiga simu wakaomba tarehe nyingine. Hakuna aliyeona haraka. Rekodi ilionyesha kwamba mtoto ni mzima.

Aliyeona kwamba si mzima alikuwa Hafsa, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja. Alimwuliza kwa nini anachechemea. Rispah akasema hachechemei. Hafsa alimtazama, asibishane, lakini tangu siku hiyo alianza kumbebea mkoba wakati wa kwenda nyumbani, na Rispah akamwachia.

Ilipofika katikati ya Mei, mvua iliwakuta wanafunzi njiani asubuhi. Wengine walikimbia wakajikinga chini ya baraza la duka. Rispah hakukimbia. Alitembea mwendo wake ule ule, akafika darasani sare imelowa chapachapa, akaketi nayo hivyo hivyo mpaka saa tano. Alijua vizuri kwamba baridi ni adui wa mtu mwenye selimundu. Tsofa alikuwa akivua sweta lake mwenyewe na kumpa. Alijua, na kujua hakukumwinua.

Wakati wa somo la hesabu Hafsa aliona mwenzake amejikunyata kwa baridi. Rispah aliulizwa swali akasimama, akaanguka kati ya madawati. Maumivu yalikuwa yamemshika miguu, mgongo na kifua kwa pamoja. Mwalimu Munyoki, mwalimu wao wa darasa, alimfunika kwa koti lake, akampigia mama simu, akatafuta tuktuk na kumpeleka hospitalini Msambweni yeye mwenyewe.

Wodini alitundikiwa dripu na kupewa dawa ya maumivu. Mama alifika na leso yake mabegani na simu mkononi. Baba alifuata kutoka Diani, bado amevaa sare ya kazi. Aliyemhudumia Rispah alikuwa daktari kijana aitwaye Sharif, ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Alipoambiwa kwamba mtoto ana daftari la afya kwenye simu, alifurahi. Akasema wagonjwa wote wangekuwa hivyo, kazi ingekuwa rahisi. Mama akampa simu na kumwambia kwamba mtoto wake hakukosa hata siku moja.

Daktari Sharif alisoma kwa makini. Dawa kila siku. Glasi nane kila siku. Homa hakuna. Maumivu sifuri, sifuri, sifuri, siku mia na kumi, hadi jana. Alimwuliza mama kama ana hakika. Mama akasema ana hakika, kwa sababu kila jioni alimwona binti yake akijaza. Rispah alikuwa amelala hapo, macho wazi. Alisikia kila neno. Akayafumba.

Kesho yake asubuhi majibu ya damu yalirudi. Daktari aliwaita wazazi karibu na kitanda, akawaeleza pole pole. Dawa ile ya kila siku, alisema, ikifanya kazi vizuri huzikuza chembe nyekundu za damu, na hilo huonekana katika kipimo. Chembe za Rispah zilikuwa ndogo vile vile.

"Kwa zaidi ya miezi mitatu ameinywa bila kukosa," alisema, "na damu yake ni kama ya mtu ambaye hainywi. Kama rekodi hii ni ya kweli, basi mwili wake haukubali dawa. Sioni faida ya kuendelea nayo. Itabidi tuiache, tumpeleke hospitali kubwa Mombasa, waanze kumwongeza damu kila mwezi."

Baba aliuliza itakuwa kwa muda gani. Daktari akasema hajui; pengine kwa miaka. Akasema pia kwamba kuongezwa damu mara kwa mara kuna hatari zake, na atawaeleza zote baadaye. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama aliivua leso mabegani, akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka haikukunjika tena. Halafu akaishika tu. Rispah aliutazama mkono wa mama. Ulikuwa umesimama kama ulivyosimama juu ya ufito jioni ile kengele ya Tsofa ilipolia. Kitu kidogo kilimchoma mahali fulani ndani, na hakikuwa mfupa.

Wazazi walitoka, baba kwenda kupiga simu kazini, mama kwenda kutafuta uji. Simu ya mama, iliyokuwa imezimwa usiku kucha kama wodi inavyotaka, ilibaki kwenye meza ndogo ya kitanda. Muda si mrefu Sista Hanifa aliingia. Alikuwa amesikia kwamba binti ya Garama amelazwa, akaacha kazi zake za kliniki kwa dakika chache.

"Shikamoo, sista," Rispah alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Aliketi, akamgusa paji la uso, akatazama dripu inavyoshuka. Kisha akaomba ruhusa ya kuitazama rekodi. Rispah akaitikia kwa kichwa. Sista Hanifa alipitisha kidole juu ya kioo, akashuka, akashuka tena. Ukafunguka ukurasa wa pili, ule uliokuwa na jina la Tsofa. Alikuwa amehudhuria matanga ya Tsofa. Rispah alimwona akisoma tarehe ya juu kabisa, iliyokuwa ya juzi, na chini yake: dawa, ndiyo, maji, glasi nane, maumivu, sifuri.

Sista Hanifa aliiweka simu magotini.

"Nani anamjazia Tsofa?"

"Ni mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kengele inalia," Rispah alisema. "Ikilia, mama anaacha kushona."

Muuguzi aliitazama tena simu. Alizifungua kurasa zote mbili, akazilinganisha, siku kwa siku.

"Rispah," alisema, "ulimjazia marehemu, na ukajijazia wewe, majibu yale yale."

Rispah aligeuza uso ukutani. Aliongea na ukuta, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alisema kwamba kapsuli alizitupa tangu Februari. Alisema kwamba maji hakuyahesabu. Miguu ilimuuma tangu Machi. Akasema pia jambo ambalo hakuwa amelisema hata moyoni mwake mpaka saa ile: "Tsofa alijaza ukweli kila siku. Dawa alikunywa, maji alikunywa, na akafa. Sasa ukweli una faida gani?"

Sista Hanifa angeweza kumwambia kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, kama watu wote walivyomwambia. Hakusema hivyo.

"Sitakudanganya," alisema. "Daftari halizuii kifo. Lile la Tsofa halikumzuia. Homa yake ilikuwa kali, ikatushinda sote. Lakini kabla ya hapo, mwaka mzima, hakulazwa hata mara moja. Unajua kwa nini? Aliandika kwamba anaumwa kila siku ya mpira, nikampa namna ya kupumzika kabla na baada. Aliandika kwamba bomba halitoki, nikamwandikia barua mwalimu mkuu aruhusiwe kubeba maji. Nilimtibu Tsofa jinsi alivyokuwa. Wewe sijakutibu. Daktari Sharif anamtibu msichana ambaye hayupo, anayekunywa glasi nane na hajui maumivu. Msichana huyo anapelekwa Mombasa, na mwili utakaokwenda ni wako."

Aliifungua rekodi ya Tsofa, akairudisha nyuma mpaka Januari, akampa Rispah aisome. Siku ya mwisho aliyoijaza mwenyewe ilikuwa siku homa ilipoanza. Maumivu sita. Homa ndiyo. Maji glasi tatu. Na chini, kwa maneno yake: Mgongo na kifua. Nimemwambia mama. Leo nimemzuia Rispah asicheze kwenye maji baridi, amekasirika.

Rispah aliisoma mara tatu. Alikuwa amelisahau jambo hilo. Kweli alikasirika siku ile; hakumsemesha kaka yake mpaka alipopelekwa hospitalini jioni ile. Ndipo kilio kilichokataa kuja tangu Januari kikaja chote kwa mara moja, hadi dripu ikatikisika. Sista Hanifa aliushika mkono wenye sindano usije ukajiumiza, akamwacha alie.

Aliponyamaza, muuguzi alimwambia kwamba daktari lazima aujue ukweli leo hii, kabla barua ya Mombasa haijaandikwa. Alisema anaweza kumweleza yeye, au Rispah aeleze mwenyewe naye akae hapo hapo kando. Rispah aliuliza kama baba na mama watakuwapo. Akaambiwa ndiyo, watakuwapo.

Alieleza mwenyewe. Ilikuwa vigumu, hasa alipofika kwenye kapsuli. Daktari Sharif hakumkatiza. Alipomaliza, daktari alivuta pumzi ndefu, akasema amefadhaika, kwa sababu alikuwa karibu kumnyima mtoto dawa inayomfaa. Kisha akasema jambo ambalo wazazi walishindwa kulielewa upesi, akalirudia: dawa haikushindwa. Haikunywewa. Kwa hiyo hakuna haja ya Mombasa sasa. Wangeanza upya na kapsuli moja kwa siku, wakipima damu kila baada ya wiki nne.

Wote walimngoja baba. Garama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda, akishika bomba la chuma la kitanda hicho.

"Wageni huniletea shuka wamelikunja, doa liko ndani," alisema. "Mimi sijui. Nikilitia maji ya moto, doa linashika, halitoki tena. Lililoonyeshwa mapema hutoka, Rispah. Ungelionyesha."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na mimi nina langu. Nilisikia kengele ya mtoto wangu, nikaenda nyuma ya nyumba."

Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Aliongea akiitazama leso yake. Alisema kwamba kila jioni aliposikia kengele ya Tsofa ikinyamaza, alijua kuna mtu anayeinyamazisha, na alimshukuru mtu huyo kimoyomoyo bila kuuliza ni nani wala anaandika nini. "Moyoni nilijua ni wewe," alisema. "Nilimwachia mtoto mzigo wangu auchukue peke yake. Nawe nisamehe, mwanangu." Akampangusa uso kwa ncha ya leso.

Rispah alilazwa siku tano. Kabla hawajatoka, Sista Hanifa alikaa nao, akawaonyesha jinsi ya kuifunga rekodi ya mtu aliyefariki. Aliwauliza kwanza kama wako tayari. Mama akasema wako tayari. Majibu yote ya uongo tangu Januari yalifutwa, moja baada ya jingine, na Rispah ndiye aliyeyafuta. Yale ya Tsofa mwenyewe yalibaki, mpaka siku ya homa. Programu iliuliza kama wana hakika wanataka kuzima kengele yake. Baba akaweka kidole chake juu ya ndiyo, na mama akaweka chake juu ya cha baba.

Nyumbani mambo yalibadilika kidogo kidogo. Jioni Rispah aliinywa kapsuli yake mbele ya mama. Kuhusu maumivu, mama hakuuliza tena simu. Aliuliza miguu ikoje, na wakati mwingine aliishika kwa mikono yake iliyokwaruzwa na makuti. Siku zilikuwapo ambazo Rispah alichoka na maswali, akatamani kuandika sifuri alale. Siku moja aliandika kweli. Asubuhi yake akaifuta, akaandika nne, na katika nafasi ya maneno akaongeza kwamba jana alidanganya kwa sababu ya uvivu. Sehemu kubwa ya siku zake bado ilikuwa na ganzi. Lakini alilia mara mbili zaidi mwezi ule wa Juni, mara moja shambani akiwa na Hafsa, na Hafsa aliketi naye asimwambie anyamaze.

Mwezi wa Agosti walikwenda kliniki. Daktari Sharif na Sista Hanifa waliitazama rekodi pamoja. Haikupendeza macho. Mstari wa maumivu ulipanda na kushuka kama njia ya mbuzi mlimani, na alama za kijani zilikuwa na mapengo mengi. Siku kumi na tatu Rispah hakufikisha glasi nane. Siku mbili alisahau dawa. Maumivu yalikuwa yakipanda kila Jumatano na kila Jumatatu.

Daktari aliuliza kuna nini siku hizo. Rispah alifikiri, akasema ni siku za zamu yake ya kuteka maji ya kuoshea madarasa, asubuhi mapema, wakati nyasi zina umande na miguu inalowa. Daktari akaandika barua kwa Mwalimu Munyoki, akiomba Rispah apewe kazi nyingine ya mahali pakavu. Kisha akatoa majibu ya damu ya siku hiyo, akayaweka mezani. Chembe nyekundu zilikuwa zimeanza kukua.

Mama aliiomba ile karatasi, akaishika mbali kidogo na macho yake kama anayesoma barua ya mtu wa mbali. Hakujua maana ya zile tarakimu. Alimwuliza Rispah ni ipi. Rispah akamwonyesha.

Sista Hanifa alimrudishia mama simu. Akamgeukia Rispah, akasema naye kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mwenzake kazi.

"Ile rekodi ya kwanza ilikuwa nzuri sana, na karibu ituharibie kila kitu. Hii ina makosa, ina mapengo, na imetufaa kwa nusu saa tu tuliyokaa hapa. Simu haijui kitu, mwanangu. Inajua unachoiambia. Daktari naye ni hivyo hivyo, na mama yako, na sisi sote tunaokupenda. Ukisema huumwi, tutaamini huumwi, tutakuacha uumwe peke yako. Useme inavyokuwa, hata siku ambayo unaona kusema hakuna maana. Siku hiyo ndiyo useme zaidi."

Rispah aliitikia kwamba amesikia. Akauliza kama anaweza kuandika pia siku ambazo haumwi mahali popote lakini moyo ni mzito.

Sista Hanifa alimwonyesha ile nafasi ya maneno chini ya maswali, akamwambia aandike hapo, kwa kirefu apendavyo, na kwamba yeye atayasoma yote.